Utenganishaji wa Taka za Nyumbani Nchini Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa mwanafunzi, mfanyakazi au familia inayozungumza Kiswahili ambayo inajiandaa kupanga nyumba Japani, au ambayo imekwisha kupanga na sasa inakuta mfuko wake wa taka umeachwa kando ya barabara ukiwa umebandikwa karatasi yenye maandishi isiyoyaelewa. Maneno ya Kijapani yametajwa pale tu ambapo mkazi atayakuta yamechapwa kwenye kalenda, mfuko au kibao cha mtaani.

Je, kuna kanuni moja inayotumika Japani nzima?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Taka na Usafi wa Umma ya mwaka 1970 inakabidhi taka za nyumbani kwa serikali za mitaa, yaani majiji, miji, vijiji na kata 23 za Tokyo, ambazo kwa jumla zinazidi 1,700. Kila moja huamua yenyewe taka zigawanywe katika makundi mangapi, zitolewe siku gani, katika mfuko wa aina gani na kwa malipo yapi. Ndiyo maana mtu aliyeishi Tokyo miaka mingi akihamia Yokohama, mwendo wa nusu saa kwa treni, hulazimika kujifunza upya, na ushauri wa rafiki anayeishi mji mwingine, hata akiwa Mjapani, unaweza kukupotosha.

Tofauti hizi si ukaidi wa watendaji wa manispaa. Namna ya kutenganisha hutegemea kile kinachofuata baada ya gari la taka kuondoka: tanuri la mji lina uwezo gani, kuna kiwanda gani karibu kinachopokea plastiki, dampo limebaki na nafasi kiasi gani, na manispaa ina mkataba na nani wa kununua karatasi na makopo. Ukilielewa hilo, kanuni nyingi zinazoonekana za ajabu zitaanza kueleweka.

Nitajuaje kanuni za mahali ninapoishi?

Unapojiandikisha kuwa mkazi katika ofisi ya kata au ya jiji, kwa kawaida hupewa, au unaweza kuomba, vitu viwili: kalenda ya ukusanyaji wa taka na mwongozo wa kutenganisha. Kalenda hutolewa kwa kila eneo dogo, kwa hiyo ya rafiki yako anayeishi kata hiyohiyo inaweza isikufae. Manispaa nyingi zenye wageni hutoa miongozo kwa Kiingereza, Kichina, Kikorea, Kivietinamu, Kireno na lugha nyingine kadhaa, na nyingi zina programu za simu zinazokukumbusha jioni kwamba kesho ni siku ya taka fulani. Tovuti ya manispaa huwa pia na orodha ndefu ya vitu, kuanzia mwavuli hadi zulia, inayoonyesha kila kimoja kinaingia kundi gani.

Ukiishi katika jengo la ghorofa lenye chumba chake cha taka, muulize msimamizi wa jengo au wakala aliyekupangisha. Majengo makubwa huwa na utaratibu wa ndani, na mengine huruhusu kutoa taka wakati wowote, ingawa makundi yenyewe hubaki yaleyale ya manispaa.

Makundi ya kawaida ni yapi?

Majina na idadi hubadilika, lakini kundi utakalolikuta karibu kila mahali ni taka za kuchomwa, ambazo huandikwa *moeru gomi* au *moyasu gomi*. Humo huingia mabaki ya chakula, karatasi chafu, karatasi za chooni na nepi, na ndizo hukusanywa mara nyingi zaidi, kwa kawaida mara 2 kwa wiki. Taka zisizochomwa, *moenai gomi*, ni vyombo vya udongo, glasi zisizo chupa, sufuria na vyuma vidogo, na huenda zikachukuliwa mara 1 au 2 tu kwa mwezi. Kundi la tatu ni la vitu vya kurejelezwa, *shigen*, ambalo ndani yake lina matawi mengi: chupa za kioo, makopo, chupa za PET (plastiki ya chupa za vinywaji), magazeti, majarida, maboksi, nguo, na mahali pengine vifungashio vya plastiki. Juu ya hayo kuna taka za hatari kama betri na taa zenye zebaki, na taka kubwa, *sodai gomi*, ambazo hazichukuliwi bila maombi.

Karatasi hustahili neno la ziada, kwa sababu wageni wengi huitupa yote katika mfuko wa kuchomwa. Magazeti, majarida na maboksi hutenganishwa kila kimoja peke yake, hufungwa kwa kamba mafungu mafungu, na katika miji mingi hata bahasha, visanduku vya dawa ya meno na karatasi za ofisini hukusanywa kando. Pakiti za maziwa huoshwa, hukatwa zikawa bapa, hukaushwa na kupelekwa katika sanduku lililoko mlangoni mwa duka kubwa la vyakula. Karatasi yenye mafuta, kama ile iliyofungia chakula cha kukaanga, pamoja na risiti, ambazo huchapwa kwenye karatasi yenye kemikali, haviwekwi pamoja na karatasi za kurejelezwa, kwa kuwa huharibu rojo ya karatasi kiwandani.

Kwa nini mji mmoja huchoma plastiki na mwingine huikusanya kando?

Hili ndilo jambo linalowachanganya watu kuliko yote. Sheria ya Urejelezaji wa Vifungashio ilipitishwa mwaka 1995, ikaanza kutumika mwaka 1997 kwa chupa za kioo na za PET, kisha ikapanuliwa mwaka 2000 hadi vifungashio vingine vya plastiki na vya karatasi. Chini ya sheria hiyo mkazi hutenganisha, manispaa hukusanya, na kampuni zinazotengeneza au kutumia vifungashio hulipia urejelezaji. Lakini manispaa haikulazimishwa kukusanya kila aina ya kifungashio, na ukusanyaji una gharama, kwa hiyo baadhi ziliamua kuendelea kuchoma plastiki laini.

Zamani kata 23 za Tokyo ziliihesabu plastiki kuwa taka isiyochomwa na kuifukia katika Ghuba ya Tokyo. Nafasi ilipozidi kupungua, na baada ya matanuri kuboreshwa ili kudhibiti sumu ya dioksini iliyozusha hofu kubwa nchini katika miaka ya 1990, kata hizo zilibadilisha utaratibu, na kufikia mwaka 2008 plastiki isiyorejelezwa na mpira vikawa taka za kuchomwa, huku joto lake likitumika kuzalisha umeme. Mwaka 2022 ilianza kutumika sheria nyingine inayozitaka manispaa zijitahidi kukusanya hata plastiki isiyo kifungashio, kama vile ndoo na vibanio vya nguo, na tangu hapo kata na miji kadhaa imebadilisha tena kalenda zake. Mwongozo wa miaka 5 iliyopita, basi, usiuamini.

Msaada ni alama. Kifungashio cha plastiki huwa na mraba uliozungushiwa mishale wenye maandishi プラ, cha karatasi huwa na 紙, na chupa ya PET huwa na pembetatu yenye namba 1. Alama hizi huwekwa kwenye vifungashio peke yake. Kisanduku kilichobeba mswaki kitakuwa nayo, lakini mswaki wenyewe, ingawa ni wa plastiki, hautakuwa nayo, na katika miji inayofuata mfumo wa zamani mswaki huo huenda kwenye taka za kuchomwa.

Chupa moja ya maji kweli inahitaji kugawanywa mara tatu?

Katika miji mingi, ndiyo. Kifuniko na karatasi ya nembo inayozunguka chupa hutengenezwa kwa plastiki nyingine tofauti na PET, kwa hiyo hutolewa na kuwekwa pamoja na vifungashio vya plastiki, au katika taka za kuchomwa pale ambapo plastiki haikusanywi. Chupa yenyewe husuuzwa kwa maji kidogo na kubonyezwa. Pete ndogo inayobaki shingoni mwa chupa iache hapo, itaondolewa kiwandani. Kazi hii ndogo ya kila nyumba ina faida inayoonekana: takriban asilimia 85 ya chupa za PET nchini Japani hurejelezwa, na nyingi zinafaa kutengenezwa chupa tena kwa sababu hufika kiwandani zikiwa safi.

Kusuuza hakumaanishi kuosha kama chombo cha kulia. Kikopo cha mtindi kinatosha kumwagiwa maji na kupanguswa. Mrija wa haradali au wa mayonezi usiotakata kwa urahisi, miongozo mingi inaruhusu utupwe katika taka za kuchomwa badala ya kupoteza maji mengi.

Ni mifuko gani inayokubalika?

Mfuko mweusi uache kabisa. Karibu kila mji unataka mfuko unaoonyesha kilichomo, ama wa uwazi kamili au wa uwazi hafifu, ili wazoaji waone kama kuna kioo kilichovunjika au kopo la gesi. Katika kata 23 za Tokyo mfuko wowote wa uwazi kutoka dukani unafaa na ukusanyaji wa kawaida haulipiwi. Kwingineko utalazimika kununua mfuko rasmi wa mji, ambao bei yake ndiyo ada ya taka. Kyoto ilianza utaratibu huo mwaka 2006: mfuko wa manjano wa lita 45 kwa taka za kuchomwa huuzwa yeni 45, wa lita 10 yeni 10, na mifuko ya vitu vya kurejelezwa ni nafuu zaidi. Hesabu hiyo imekusudiwa ihisiwe mfukoni, kwa maana familia inayotenganisha vizuri hutumia mifuko midogo na hulipa kidogo. Sapporo ilifuata mwaka 2009. Mifuko hii hupatikana katika maduka ya vyakula na maduka madogo yaliyo wazi saa 24, lakini ile ya mji jirani haina thamani kwako.

Baadhi ya miji hutaka uandike jina lako au namba ya nyumba juu ya mfuko. Wapo wanaolilalamikia hilo kwa sababu ya faragha, nami naona malalamiko yao yana uzito, hasa kwa mwanamke anayeishi peke yake. Lakini pale ambapo ni kanuni, mfuko usio na jina hautachukuliwa.

Taka zitolewe saa ngapi, na ziwekwe wapi?

Kwa kawaida zitolewe asubuhi ya siku yenyewe kabla ya saa 2, ambayo kwenye kalenda ya Kijapani itaandikwa 8:00. Usizitoe usiku wa kuamkia siku hiyo, isipokuwa pale ambapo mji unaruhusu. Sababu ya kwanza ni kunguru, ambao katika miji ya Japani ni wengi, wakubwa na werevu, na ambao hupasua mfuko wa mabaki ya chakula na kuutawanya barabara nzima kabla jua halijapanda. Sababu ya pili ni moto: mafungu ya magazeti yaliyolala nje usiku ni kishawishi kwa watu wanaowasha moto kwa makusudi.

Mahali pa kuweka ni kituo cha kukusanyia cha mtaa wako, ambacho mara nyingi si zaidi ya kipande cha kando ya barabara chenye kibao na wavu, au kizimba cha chuma. Funika mifuko vizuri kwa wavu huo. Ukiacha pembe moja wazi, kunguru ataiona. Kituo hicho hutumiwa na nyumba chache zinazojulikana, na kutupa taka katika kituo cha mtaa mwingine kwa kuwa umechelewa gari lako ni jambo linaloudhi sana.

Nani anayekitunza kituo hicho? Nimeambiwa nina zamu.

Manispaa huleta gari, lakini usafi wa kituo ni wa wakazi wenyewe, kwa kawaida kupitia jumuiya ya mtaa inayoitwa *chonaikai* au *jichikai*. Nyumba hupokezana zamu ya kufagia baada ya gari kupita, kukunja wavu na kuuweka mahali pake, na pengine kurudisha ndani masanduku ya chupa na makopo. Kibao cha zamu husafirishwa kutoka mlango hadi mlango. Wapangaji wa vyumba vya ghorofa mara nyingi husamehewa kwa sababu ada ya huduma ya jengo hulipia kazi hiyo.

Ukipewa zamu, ishike. Hapo ndipo kanuni za taka zinapoonyesha sura yake halisi: anayezisimamia kila siku ni bibi wa nyumba ya jirani anayejua ni nani aliyetoa makopo siku ya Jumanne, na wala si polisi. Mgeni anayefagia kituo kwa wakati wake hupata salamu, na akikosea hupata maelezo badala ya manung'uniko. Ikiwa hujui kusoma mwongozo, kumuuliza jirani huyo ukiwa na kitu chenyewe mkononi ni njia nzuri kuliko kubahatisha.

Nini hutokea nikikosea?

Katika hali nyingi mfuko wako utaachwa palepale ukiwa na stika inayoeleza kosa: siku siyo, kundi siyo, au mfuko siyo. Unatakiwa uuchukue, utenganishe upya, na uutoe tena siku inayofaa. Kuuacha hapo ni kosa baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu mzigo unakuwa wa aliye kwenye zamu.

Baadhi ya miji imekwenda mbali zaidi. Yokohama ilianzisha mwaka 2008 tozo ya yeni 2,000 kwa mtu anayerudia kukaidi baada ya kuelekezwa na kuonywa. Jiji la Fukushima lilianza mwaka 2025 utaratibu unaowaruhusu wafanyakazi wake kufungua mifuko iliyokiuka kanuni ili kumtambua mwenyewe, na mkaidi wa kudumu anaweza kutangazwa jina. Utupaji haramu ni suala jingine kabisa: anayetupa taka msituni, mtoni au katika kiwanja cha mtu anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya hadi yeni milioni 10.

Nina godoro na meza ya kutupa. Nifanye nini?

Hizo ni taka kubwa. Katika kata 23 za Tokyo, kitu ambacho upande wake mmoja unafika takriban sentimita 30 au zaidi huhesabiwa hivyo. Miji mingine ina vipimo vyake. Piga simu au jaza maombi mtandaoni, ueleze kitu na ukubwa wake, nawe utaambiwa ada, tarehe na namba ya maombi. Kisha nunua stika za malipo dukani, ambazo Tokyo ni za yeni 200 na za yeni 300, uzijumlishe hadi kufikia ada yako, uandike jina au namba, uzibandike kwenye kitu na ukiweke nje asubuhi ya siku uliyopewa. Kusubiri wiki kadhaa si ajabu. Kabla ya kulipa, uliza kama manispaa ina kituo cha kutumia tena samani, au mtafute mwanafunzi mpya anayehitaji meza.

Na friji, televisheni au mashine ya kufulia?

Manispaa haizichukui. Sheria ya Urejelezaji wa Vyombo vya Umeme vya Nyumbani, iliyoanza kutumika Aprili 2001, sasa inahusu viyoyozi, televisheni, friji na friza, na mashine za kufulia na kukaushia nguo. Anayetupa hulipa ada ya urejelezaji pamoja na usafiri, muuzaji hulazimika kupokea chombo alichokuuzia au kile unachokibadilisha kwa kipya, na mtengenezaji hukirejeleza. Ada hutegemea kampuni na ukubwa. Kwa kampuni kubwa ni karibu yeni 2,500 kwa mashine ya kufulia na zaidi ya yeni 4,500 kwa friji kubwa, bila usafiri. Ikiwa ulipewa chombo bure na hujui kilikonunuliwa, unaweza kulipia tiketi ya urejelezaji katika posta na kukipeleka mwenyewe kwenye kituo kilichoteuliwa. Kwa hiyo, unapopokea friji ya bure kutoka kwa anayerudi nyumbani, fahamu kuwa umepokea pia deni la kuitupa.

Kompyuta zina utaratibu wake tangu mwaka 2003, ambapo zenye alama ya urejelezaji hurudishwa kwa mtengenezaji bila malipo mengine. Simu, kamera na vyombo vidogo hupokewa katika masanduku maalumu yaliyo kwenye ofisi za manispaa na maduka ya vyombo vya umeme, chini ya sheria iliyoanza mwaka 2013. Medali takriban 5,000 za Olimpiki na Paralimpiki za Tokyo zilitengenezwa kwa dhahabu, fedha na shaba iliyotolewa katika vyombo vidogo vya umeme vilivyokusanywa namna hiyo.

Betri, makopo ya gesi, visu na mafuta ya kupikia hutupwaje?

Betri za lithiamu, zikiwemo zile za benki za umeme za kuchajia simu (power bank) na feni ndogo za mkononi, ndizo za kuogopa kuliko zote. Zikibanwa ndani ya gari la taka huwaka, na mioto katika magari na vituo vya kuchambulia imekuwa tatizo la nchi nzima. Ziba ncha zake kwa utepe wa gundi na uzipeleke kwenye sanduku la dukani au mahali manispaa ilipoelekeza.

Makopo ya gesi ya jiko dogo na ya dawa za kupulizia lazima yaishe kabisa. Kuhusu kuyatoboa, miji hutofautiana, na mwelekeo wa sasa ni kutotoboa. Kazi ya kumaliza gesi ifanyike nje, penye hewa na mbali na moto: Desemba 2018 mjini Sapporo, gesi ya makopo zaidi ya 100 iliyotolewa ndani ya ofisi ililipuka na kujeruhi watu zaidi ya 40. Visu na vioo vilivyovunjika hufungwa katika karatasi nene na kuandikwa キケン, yaani hatari. Mafuta ya kupikia usiyamwage kwenye sinki. Yagandishe kwa unga unaouzwa dukani au yafyonzwe kwa magazeti, kisha yaingie katika taka za kuchomwa, isipokuwa mji wako unayakusanya kwenye chupa. Mabaki ya chakula yakamuliwe maji kwanza, kwa kuwa taka zilizolowa hulipotezea tanuri joto.

Je, ninaweza kuchoma taka uani, au kuwapa watu wa gari lenye kipaza sauti?

Yote mawili, hapana. Kuchoma takataka uani, jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ni marufuku kwa sheria, isipokuwa shughuli chache kama za ibada na za kilimo, na adhabu yake ya juu ni sawa na ya utupaji haramu. Magari yanayozunguka mtaani yakitangaza kuchukua vyombo vibovu bure mara nyingi hayana kibali cha manispaa cha kubeba taka za nyumbani. Wapo wanaodai pesa baada ya kupakia, na vyombo vingine huishia kutupwa milimani.

Kuna kosa la tatu ambalo mgeni anaweza kulitenda kwa nia njema. Makopo ya alumini na magazeti yaliyowekwa kituoni yana bei, na manispaa nyingi zimekataza mtu mwingine kuyachukua. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha adhabu za faini kwa watu waliobeba karatasi chakavu katika kata ya Setagaya, Tokyo.

Mbona mitaani hakuna mapipa ya taka?

Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi 1995, kwa hofu ya kufichwa vitu vya hatari, na hayakurudi. Watu hubeba taka zao hadi nyumbani. Mapipa yaliyo kando ya mashine za kuuzia vinywaji ni ya chupa na makopo tu.

Haya yote yalianza lini?

Yalianza kwa ugomvi. Mwaka 1971 gavana wa Tokyo, Minobe Ryokichi, alitangaza "vita vya taka". Wakazi wa kata ya Koto, ambao kwa miaka mingi walivumilia harufu, inzi na misururu ya magari yaliyopeleka taka za jiji zima kwenye madampo yao, walifikia hatua ya kuzuia magari kutoka kata ya Suginami, ambako wenyeji walikuwa wakipinga kujengewa tanuri. Huko Numazu, katika mkoa wa Shizuoka, mgogoro kama huo juu ya dampo uliufanya mji uanze mwaka 1975 kutenganisha taka za kuchomwa, za kufukiwa na za kurejelezwa, na miji mingine ikaiga.

Nagoya ilipata funzo lake baadaye. Jiji lilikuwa limepanga kufukia taka katika tambarare ya matope ya Fujimae, kituo cha ndege wanaohama, lakini mwaka 1999 liliuacha mpango huo kutokana na upinzani na likatangaza hali ya dharura ya taka. Wakazi waliingizwa ghafla katika utaratibu mkali wa kutenganisha, simu za malalamiko zikafurika, na hata hivyo katika miaka 2 taka zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20. Fujimae iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar, ya kimataifa, ya maeneo oevu ya kuhifadhiwa.

Taka zangu huishia wapi? Je, ni kweli kwamba Japani hurejeleza karibu kila kitu?

Si kweli, na sifa hiyo hurudiwa mno. Kiwango cha urejelezaji wa taka za manispaa kwa nchi nzima kimekuwa karibu asilimia 20 kwa miaka mingi, chini ya nchi kadhaa za Ulaya, wakati karibu asilimia 80 ya taka huchomwa katika matanuri takriban 1,000. Matanuri hayo ni ya kisasa. Moshi husafishwa, joto huzalisha umeme au hupasha maji ya mabwawa ya kuogelea ya umma, na wanafunzi wa darasa la 4 hupelekwa kuyaona. Lile la Maishima, Osaka, lililokamilika mwaka 2001, lilipambwa na msanii wa Austria Friedensreich Hundertwasser, na watalii hulidhania ni bustani ya michezo. Majivu hufukiwa katika madampo, mengine yakiwa kandokando ya bahari, au hugeuzwa saruji kama inavyofanyika magharibi mwa Tokyo.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa uko dukani kuliko nyumbani. Mkenya, Mtanzania au Mnyarwanda aliyezoea marufuku ya mifuko ya plastiki atashangaa kuona ndizi moja imefungwa plastiki, na biskuti zimefungwa moja moja ndani ya trei ndani ya mfuko. Japani ilianza kutoza mifuko ya dukani Julai 2020 tu. Mkazi anayeosha na kutenganisha vifungashio hivyo kwa uaminifu anafanya kazi ambayo sehemu yake haikupaswa kuwepo.

Nimesikia kuhusu kijiji chenye makundi 45. Kipo kweli?

Ni mji mdogo wa Kamikatsu, wenye watu wasiofika 1,500, milimani katika mkoa wa Tokushima, kisiwani Shikoku. Matanuri yake madogo yalifungwa mwanzoni mwa karne hii kwa kushindwa kutimiza masharti ya dioksini, na kujenga jipya kulizidi uwezo wake. Mwaka 2003 ulitangaza lengo la kutozalisha taka. Hakuna gari la taka. Wakazi hupeleka wenyewe vitu vyao kituoni na kuvigawa katika makundi yaliyofikia 45, wazee wasioweza husaidiwa, mabaki ya chakula huwa mboji nyumbani, na kiwango cha urejelezaji hufika asilimia 80. Osaki, mkoani Kagoshima, ambao ni mkubwa zaidi na hauna tanuri, umepata matokeo kama hayo kwa makundi zaidi ya 20 na kwa kukusanya mabaki ya chakula yatengenezwe mboji. Miji yote miwili ilisukumwa na ukosefu wa tanuri. Kwa jiji kubwa lenye tanuri lililokwisha kugharimiwa, msukumo huo haupo.

Ninahama mwezi Machi. Nianze lini kujiandaa?

Anza mwezi mmoja kabla, au mapema zaidi. Mwaka wa shule na wa kazi huanza Aprili, kwa hiyo Machi nchi nzima inahama na nafasi za taka kubwa hujaa. Weka miadi ya taka kubwa kwanza, panga namna ya kuondoa vyombo vya umeme, kisha angalia kwenye kalenda siku ya mwisho ya taka zisizochomwa, maana ikikupita unaweza kusubiri wiki 2 hadi 4. Ukihama mwisho wa mwaka, kumbuka kuwa ukusanyaji husimama siku chache za mwaka mpya. Vitu utakavyoacha chumbani vitaondolewa kwa gharama, na mwenye nyumba anaweza kuikata katika amana yako. Mifuko rasmi iliyobaki mwachie jirani, kwa kuwa huko uendako haitakubaliwa.